Watu wa maabara, hiki nilichokiona kwenye mkojo ni kasti (kimrija cha protini iliyoganda figoni) au ni ute?

MtotoWaFildi: Wakuu, habari za kazi. Niko fildi (mafunzo kwa vitendo) hospitali moja ya wilaya, diploma ya maabara mwaka wa pili. Juzi usiku uliletwa mkojo wa mtoto wa miaka 8, uso umevimba, mkojo rangi ya chai ya rangi. Ukakaa mezani mpaka asubuhi. Stiki (kijiti cha kupimia mkojo) ikasoma damu +++, protini ++, naitraiti (dalili ya bakteria) hakuna. Nikazungusha kwenye mashine ili mashapo yatuame, nikaweka slaidi kwenye hadubini: chembe nyekundu za damu zimejaa, na katikati kuna kitu kirefu kama mrija, upande mmoja umechongoka kama mkia. Mwenzangu akasema, "Ute huo, achana nao." Slaidi ya pili sikuona kitu. Nimeambiwa niandike chembe nyekundu basi, lakini roho haijatulia. Nyie mnatofautishaje? Picha ya simu imetoka ukungu, naona aibu kuiweka.

Jicho_la_Kumi: Dogo, kabla ya umbo tuongelee muda. Mkojo wa usiku kucha! Kasti zinayeyuka, hasa mkojo ukiwa mwepesi au bakteria wakishaugeuza kuwa wa alkali. Pima ndani ya saa 2. Wewe uliona mabaki ya kilichokuwepo.

KandaYaZiwa: Damu kwenye mkojo wa mtoto, mbona hamtaji kichocho? Tafuta yai la mnyoo wake, lenye mwiba mwishoni.

Mzee_wa_Slaidi: KandaYaZiwa, yai atafute, hakatazwi. Ila kichocho cha mkojo kinavujisha damu zaidi kwenye kibofu, na kibofu hakitengenezi kasti. Kasti inaumbwa kwenye mirija ya figo: protini inaganda mle ndani, inachukua umbo la mrija na kunasa kilichopo. Ndiyo maana kasti moja yenye chembe nyekundu ndani ina uzito kuliko fildi nzima (eneo lote unaloliona kwenye hadubini) ya chembe zinazoelea. Inakwambia damu imetokea figoni.

Sasa swali lako. Kosa la wengi ni mwanga. Kasti ya haialini, yaani ile tupu isiyo na chembe ndani, ni kama kioo ndani ya maji, ukiwasha taa yote inapotea mbele ya macho yako. Shusha kondensa (lenzi ya chini inayokusanya mwanga), punguza mwanga, anza na lenzi ya 10, pitia kingo zote za kioo cha kufunikia maana kasti hupenda kukimbilia pembeni. Nadhani slaidi yako ya pili uliangalia katikati tu.

Ute hauna mwisho unaoeleweka, unapanuka na kusinyaa kama utepe uliojikunja. Kasti kingo zake mbili huenda sambamba na ncha mara nyingi ni mviringo. Mkia usikutishe, zipo kasti zenye mkia, zinahesabiwa hivyo hivyo. Uzi wa pamba au nepi unang'aa na kingo zake ni nyeusi nene. Huo umeshawaumbua wengi, mimi mmojawapo.

Chembe nazo hakikisha zimo ndani, si kwamba zimelalia ute. Gusa kioo taratibu kwa ncha ya kalamu: kasti inabingirika na mzigo wake.

Jicho_la_Kumi: Naongezea: zungusha mkojo ml 12 kwa dakika 5, mzunguko wa wastani. Mkizungusha kwa hasira kasti zinavunjika. Mwaga maji ya juu, bakiza nusu ml, changanya kwa upole. Na haialini moja mbili peke yake si ugonjwa, hata aliyetoka kukimbia anazo.

Sista_Wodini: Mtoto aliumwa koo au vidonda vya ngozi wiki chache nyuma? Hayo huweza kufuatiwa na figo kuvimba. Presha imepimwa? Usisubiri slaidi nzuri ndiyo umwambie daktari, stiki hiyo inatosha kumpigia.

MtotoWaFildi: Mrejesho. Sista, koo aliumwa kama wiki 2 nyuma, na presha iko juu, daktari alishamlaza. Leo nimechukua mkojo mpya, nikazungusha ndani ya nusu saa, nikashusha kondensa. Pembeni kabisa mwa kioo: mrija, kingo sambamba, umejaa viduara vya rangi ya machungwa. Nimegusa kwa kalamu, ukabingirika navyo. Nikapata mirija mitatu ya hivyo. Msimamizi ameangalia kimya, kisha akaenda kumwita yule mwenzangu wa "ute".

Mzee_wa_Slaidi: Andika "kasti za chembe nyekundu" na idadi kwa fildi ya lenzi ya 10. Jina la ugonjwa mwachie daktari. Na picha safari hii weka, hata yenye ukungu.