Mjadala: Kusitasita kwa Malkia Elizabeth I kulikuwa busara au mzigo aliowatwisha wengine?

Mleta mada: Wakuu, Elizabeth I wa Uingereza (1533–1603) analaumiwa kwa kuahirisha kila jambo zito: ndoa, vita, mrithi. Mimi nasema tabia hiyo aliipata utotoni, na ndiyo iliyomweka kwenye kiti miaka 44.

Hakuwa amefikisha miaka 3 mama yake, Anne Boleyn, alipokatwa kichwa Mei 1536, na Bunge likamtangaza mwana wa nje ya ndoa. Sheria ya urithi ya 1544 ilimrudisha kwenye foleni ya kiti, nyuma ya ndugu zake Edward na Mary, ila doa la kuzaliwa halikufutwa. Wosia wa baba yake, Mfalme Henry VIII, ukaongeza sharti: akiolewa bila idhini ya Baraza la washauri wa mfalme, haki yake ya kiti imekwenda. Ndiyo maana posa ya siri ya Thomas Seymour, mjomba wa Edward aliyekuwa sasa mfalme, ilikuwa mtego. Januari 1549 mlezi wake Kat Ashley na mtunza hesabu wake walifungwa Tower, ngome ya London iliyotumika kama gereza, yeye akahojiwa nyumbani kwake Hatfield akiwa na miaka 15. Wahoji hawakupata zaidi ya jibu moja: bila idhini ya Baraza, hakuna ndoa. Seymour aliuawa Machi.

Tazameni pia barua ya 17 Machi 1554, baada ya uasi wa Wyatt dhidi ya dada yake Mary. Mary, aliyekuwa malkia, ameamuru apelekwe Tower kwa mashua. Akaomba kwanza aandike barua, na hadi anamaliza maji ya mto Thames yamebadilika, safari ikalala hadi kesho yake. Nafasi iliyobaki wazi juu ya sahihi yake aliijaza mistari ya mshazari, mtu asije akachomeka maneno ya uhaini. Ana miaka 20 huyo!

Mchangiaji wa pili: Mkuu, hiyo ni busara ya mfungwa. Akishakuwa malkia hesabu inabadilika. Oktoba 1562 ndui nusura imuue na hakuna mrithi aliyetajwa. Angekufa wiki ile, nchi ingeingia vitani. Halafu kesi ya Mary Stuart, malkia wa zamani wa Scotland aliyekuwa mfungwa wake (si yule dada yake): mwaka 1586 Bunge linataka auawe, Elizabeth anawapa jibu ambalo mwenyewe alikiri si jibu. Tarehe 1 Februari 1587 anatia sahihi hati ya kumuua, Baraza linaipeleka bila kumuuliza tena, tarehe 8 kichwa kinakatwa. Nani alilipa? Katibu wake William Davison: Tower, na faini ya marki 10,000 (kipimo cha fedha cha wakati huo), kwa hati ambayo malkia aliisaini kwa mkono wake.

Mleta mada: La Davison ni uonevu, sibishi. Ila la mrithi alikuwa na sababu. Chini ya dada yake Mary yeye ndiye aliyekuwa anafuata, na aliona jinsi wasioridhika wanavyomzunguka anayefuata, atake asitake. Kumtaja mrithi ni kuwapa bendera.

Mchangiaji wa tatu: Mnazungumza kama vile hakuwahi kuamua. Angalieni sarafu. Chini ya baba yake madini ya fedha (silva) ndani ya sarafu ilishushwa hadi theluthi, na chini ya Edward ikafika robo. Wafanyabiashara wakaficha sarafu nzuri na kulipa kwa mbovu, bei zikapanda. Septemba 1560 serikali yake ilitangaza kushusha thamani ya sarafu mbovu, ikazikusanya, ikaziyeyusha na kugonga upya kwa asilimia 92.5 ya fedha. Kazi kubwa ilikamilika 1561. Hapo hakusita.

Alipolegea ni kwenye kodi. Makadirio ya mali za matajiri yaliachwa palepale huku bei zikipanda, na vita vya Ireland (1594–1603) vilimeza karibu pauni milioni 2. Pengo likazibwa kwa kuuza ardhi na kugawa vibali vya ukiritimba: chumvi, wanga, hata karata. Mwaka 1601 orodha iliposomwa Bungeni, mbunge mmoja akauliza kama mkate haumo. Malkia akalazimika kufuta baadhi.

Mchangiaji wa nne: Na Afrika je? John Hawkins alibeba watumwa kutoka Sierra Leone mwaka 1562, na 1564 malkia akamkopesha meli yake, Jesus of Lübeck, kwa safari ya pili. Faida ilipoonekana, kusita hakukuwepo. Hata Zanzibar imo humu: James Lancaster alitia nanga huko mwishoni mwa 1591 akielekea Mashariki, na ndiye aliyeongoza msafara wa kwanza wa Kampuni ya India Mashariki mwaka 1601, miezi michache baada ya malkia kuipa hati. Urithi wake upimwe na hapo, si kwa ushindi dhidi ya Armada, kundi la meli za kivita za Hispania, peke yake.

Mleta mada: La Hawkins silitetei. Lakini rudini kwenye mrithi: Machi 1603 Mfalme James wa Scotland alipokea taji bila damu kumwagika.

Mchangiaji wa pili: Kwa sababu Robert Cecil alikuwa akiandikiana na James kwa siri tangu 1601. Malkia hakutaka suala hilo lijadiliwe, waziri wake akalimaliza nyuma ya mgongo wake. Sifa hiyo mpe Cecil.