Tupeane uzoefu: Madaftari ya kila siku aliyoyaacha bibi

Mjukuu wa Tano

Habari zenu wadau. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwaka jana. Tulipofungua sanduku lake la nguo tukakuta madaftari 14 yamefungwa kwa kamba ya viatu. Hakuna aliyejua kwamba anaandika. Tulijua anasoma, tulijua ana kalamu nyuma ya redio ambayo hairuhusiwi kuguswa, basi. La kwanza linaanza 1987, la mwisho linakatika 2011 macho yalipoanza kumsumbua.

Nikiri kwamba binamu zangu wawili walikosa usingizi wiki ile. Kila mtu alidhani kaandikwa yeye. Kumbe ni haya:

*Jumatatu. Mvua tangu alfajiri. Kuku mweupe hakurudi.*

*Jumanne. Mvua. Kuku mweupe bado. Nimeshamsamehe.*

*Jumatano. Kuku mweupe kaja mwenyewe, mkavu kabisa. Alilala kwa nani?*

Madaftari 14 ya namna hiyo. Nani kapita, nani hakupita, goti linauma, redio imekwama, jirani karudisha ndoo ikiwa imetoboka. Kaka yangu alisoma kurasa kumi akayarudisha, akasema hamna kitu humu.

Mimi nikaanza kuweka ukurasa mmoja kila Jumapili jioni kwenye kundi la familia, nikasema mwenye kukumbuka chochote aandike chini yake. Wiki mbili za kwanza kimya, vidole gumba tu. Wiki ya tatu nikaweka huo wa kuku. Saa tano usiku mjomba, ambaye kwa kawaida huwa haandiki neno, akatuma ujumbe mrefu: "Alilala kwangu. Nilimfungia kwenye boksi chini ya kitanda kwa sababu nilisikia anachinjwa Ijumaa. Nikamwachia Jumatano asubuhi maana alianza kupiga kelele. Mama hakuniuliza hata siku moja."

Tangu siku hiyo Jumapili hakuna anayelala mapema.

Mabishano yapo. Bibi anaandika "balua", "kufuri", "halaka". Mama anataka nisahihishe, anasema watu watadhani mama yake hakusoma. Mimi nachapa kama alivyoandika. Nikisoma "balua" namsikia yeye kabisa, nikisoma "barua" namsikia mtangazaji wa taarifa ya habari.

Na kuna jambo limetushinda. Kuanzia mwishoni mwa 1998, kila ukurasa, chini kwenye kona ya kulia, kuna neno moja limepigwa mstari. *Dirisha. Ondoa. Hapana. Hapana. Maji.* Siku nyingine hakuna neno, kuna kistari tu. Inaenda hivyo karibu miaka miwili halafu inakoma. Shemeji anasema ni majibu ya mafumbo ya gazeti. Kaka anasema alikuwa anajifunza tahajia (kama ndivyo, basi hakufaulu).

Aliyepitia mambo kama haya atupe uzoefu. Mlihifadhije, mlisomaje, mligombana wapi?

Karatasi Kuukuu

Pole kwa msiba mkuu. Mimi nakupa la kutofanya.

Tulipokuta shajara ya bibi nilijiona mjanja. Nikabandua kurasa zote, nikapeleka dukani zikafanyiwa laminesheni ili "zidumu". Yule kijana wa mashine hakuwa na kosa, nilimwomba mwenyewe. Joto la mashine likayeyusha wino wa kurasa za mwanzo ukawa kama moshi, na sasa karatasi imegandana na plastiki, huwezi kuitoa bila kuichana. Zilizopona nazo zinazidi kuwa njano humo humo ndani. Karatasi ya bei rahisi inatengenezwa kwa mbao zilizosagwa tu, ina asidi yake yenyewe, na ukishaifunga ndani ya plastiki asidi nayo umeifungia.

Selotepu nayo usiguse. Baada ya miaka gundi inageuka rangi ya kahawia, inapita hadi upande wa pili. Pini za stepla zing'oe taratibu kwa ncha ya kisu butu kabla kutu yake haijala ukurasa. Halafu yaweke yakiwa yamelala, kwenye boksi, sehemu kavu isiyopata jua, mbali na ukuta wa nje. Mwanga unafuta wino wa kalamu za kawaida kuliko mnavyodhani. Penseli haififii, ila inasuguliwa, kwa hiyo kurasa za penseli msizipitishe pitishe mikononi.

Mama Pacha

Umeuliza tuligombana wapi. Sebuleni, mbele ya watu thelathini.

Ilikuwa mkusanyiko wa familia. Mtoto wangu wa kwanza ana sauti nzuri, tukamwambia achague ukurasa wowote wa bibi yangu asome. Akafungua, akasoma: *"Kaja tena kuomba. Nimempa. Baba yao asijue."* Tarehe ilikuwapo, na jina lilikuwapo. La mama mdogo. Aliyekuwa amekaa palepale na sahani mkononi.

Aliiweka chini taratibu. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Aliaga kwa adabu, akatoka, na kwa miezi saba hakupokea simu ya mtu.

Tulikuja kuelewana baadaye, na si kwa kikao. Mama yangu alimpelekea daftari lenyewe nyumbani kwake, akamwambia, kaa nalo, ni la mama yako pia. Akakaa nalo mwezi mzima. Aliporudisha, kati ya kurasa kulikuwa na karatasi yake mwenyewe, imekunjwa, imeandikwa upande mmoja: "Nilikwenda mara nne. Kaandika moja. Mara tatu nyingine alinipa hata kabla sijafungua mdomo."

Karatasi hiyo ipo mpaka leo, hatukuitoa. Na sasa kwetu hakuna ukurasa unaosomwa hadharani kabla aliyetajwa, kama yuko hai, hajausoma peke yake. Akisema hapana ni hapana, haulizwi kwa nini.

Kimya Kingi

Nyanya yetu alisema yake yachomwe. Tukayachoma. Sijui kama nimefanya vizuri. Nilisoma mstari mmoja wakati natia motoni, ulisema "leo nimecheka sana". Hausemi alicheka nini.

Karatasi Kuukuu

@Kimya Kingi aisee.

Mzee wa Mikataba

Niongeze kidogo upande wa sheria maana watu wengi wanatumbukia hapa. Mwenye daftari na mwenye haki ya maandishi si lazima wawe mtu mmoja. Daftari unaweza kurithishwa wewe, lakini haki ya kuchapisha yaliyomo ni ya warithi wa mwandishi wote, labda awe ameacha wosia unaosema vingine. Mkataba wa Berne wa 1886 na marekebisho yake unaweka angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimefika 70. Kusomeana kwenye kundi la familia ni jambo la nyumbani, sidhani kama kuna atakayewasumbua. Siku mkitaka kitabu, kaeni kwanza muandikiane. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakisalimiana kupitia mawakili kwa sababu ya kurasa ambazo hakuna aliyezitaka wakati zipo sandukuni.

Miwani Mbili

Sisi tatizo letu lilikuwa mwaka. Bibi anaandika siku na tarehe tu: Alhamisi tarehe 12. Ya mwaka gani? Daftari halina jalada.

Tukapata njia. Unatafuta kwenye daftari tarehe iliyo adimu. Tuliikuta: *"Jumamosi, 29 Februari. Mwaka umeongeza siku na kazi nazo zimeongezeka."* Februari 29 huangukia Jumamosi mara moja kila miaka 28. Ilikuwa 1964, ikawa 1992, ikawa tena 2020. Mwaka 1964 bibi alikuwa hajajifunza kuandika, na 2020 alikuwa ameshatangulia. Basi ni 1992, na kutoka hapo ukurasa mmoja mmoja ukajipanga wenyewe mbele na nyuma.

Mwandiko ukiwa mgumu, usianze na neno lisilosomeka. Chukua maneno unayoyajua kwa hakika, majina ya watoto kwa mfano, ukate herufi zake uzipange kwenye karatasi: hivi ndivyo anavyoandika "k", hivi ndivyo "h". Bibi yetu "n" na "u" ni kitu kimoja. Tulisumbuka wiki nzima na mtu aitwaye "Auua", tukidhani kuna mauaji katika ukoo. Ilikuwa "Anna".

Picha: simu inatosha. Kaa karibu na dirisha, zima flashi, simu iwe juu ya ukurasa moja kwa moja, si kwa mshazari. Kama mna skana, nukta 300 kwa inchi kwa maandishi ya kawaida, 600 kama mwandiko ni mdogo kama sisimizi. Piga na kurasa tupu pia. Kwetu ukurasa "tupu" ulionyesha mkandamizo wa kalamu wa barua iliyoandikwa juu yake, mwanga ukija kwa upande unasoma maneno mawili matatu.

Sauti ya Pili

@Mjukuu wa Tano samahani, nimeingia kwa kuchelewa. Nimerudi kusoma mara mbili hayo maneno ya kwenye kona. Nikuulize: kuna mtu hapo nyumbani aliugua kiharusi mwaka huo wa 1998?

Nauliza kwa sababu ndiyo kazi yangu, nakaa na watu waliopoteza usemi. Kwa walio wengi sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha iko upande wa kushoto. Ikiguswa mtu anaweza kuwa anakuelewa vizuri, akili yake timamu, lakini neno halitoki, au linatoka lingine. Anataka kusema "kiti" anasema "dirisha". Na kuna yanayobaki: kuhesabu moja mpaka kumi, dua aliyoizoea, wimbo, tusi. "Hapana" hubaki mara nyingi sana. Huwa tunawaambia wanaomuuguza waandike kila siku neno lililotoka, hata kama ni moja. Na siku ambayo halikutoka, waweke alama.

Naweza kuwa nimekosea.

Mjukuu wa Tano

Babu.

Babu alianguka Novemba 1998. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba alikuwa "amenyamaza" na kwamba tuliambiwa tusicheze karibu na chumba chake. Sikuwahi kuunganisha.

Nimempigia mama mkubwa, binti wa babu kwa mke wa kwanza. Dada yake mama wa tumbo moja hajui mengi ya kipindi kile, ila huyu ndiye aliyekuja kukaa nao. Nikamsomea orodha kwa simu. Dirisha. Ondoa. Hapana. Alininyamazisha akasema subiri nikae.

Anasema "ondoa" ilikuwa blanketi. Babu alikuwa anaona joto, na kwa wiki tatu walikuwa wanamfunika zaidi wakidhani anatetemeka kwa baridi. Siku aliyopata neno hilo bibi alilitoa blanketi, akalikunja, akalibeba nje mwenyewe, hakutaka msaada. Hilo la blanketi halimo kwenye daftari. Ukurasa wa siku hiyo unasema: *"Jua kali. Nimefua. Goti afadhali."* Halafu chini kwenye kona, neno lenyewe.

Nimekaa leo kutwa nayafuata yote. Desemba ni vistari vitupu, siku kumi na moja mfululizo. Januari "maji" mara sita. Machi kuna "moja mbili tatu", imepigiwa mistari miwili. Juni, katikati ya maneno ya kawaida, kuna "mjinga", na pembeni bibi kaandika kwa herufi ndogo sana: *kaniambia mimi*. Imepigiwa mistari mitatu.

Mama mkubwa alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena kuuliza kama jina lake limo. Nimetafuta. Limo, Agosti 1999, mara moja, lakini bibi kaliandika kwa "l" badala ya "r". Nikamwambia litakuwa limekosewa tu. Akasema hapana, babu ndivyo alivyolitamka siku ile, mdomo ulikuwa bado umepinda upande mmoja.

Mama ameshaacha habari ya kusahihisha. Ukurasa wa Jumapili hii haupo, wadau wa kundi la familia mtanisamehe. Daftari la 1999 linaondoka kesho kwa mama mkubwa, ameomba akae nalo kwanza.