Mdogo wangu bado mahabusu, wenzake wa kesi hiyohiyo wako nje. Naombeni ushauri

BintiKitangari – 8 Februari 2021
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mdogo wangu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima huku kwetu Newala. Mwezi wa 11 korosho zikapimwa, kilo 7,200 hazionekani. Wakazipigia 2,500 kwa kilo, ikaja milioni 18. Wakakamatwa watatu: katibu, mtunza ghala na yeye. Hati ya mashtaka ni moja, wizi wa mtumishi.

Katibu ana nyumba Mtwara mjini, ina hati, wiki haikuisha akawa nje kwa dhamana. Mtunza ghala shemeji yake ana lori, naye akatoka. Nakutana nao sokoni, wananisalimia vizuri tu. Mdogo wangu huu ni mwezi wa nne ndani. Kila akiletwa na karandinga ni upelelezi haujakamilika, anarudishwa.

Siku ya kwanza sikuwepo, nilikuwa kliniki na mtoto. Nilipokwenda baadaye, nje ya mahakama bwana mmoja kavaa tai, faili kwapani, akaniambia ili apate dhamana sheria inataka nusu ya thamani, yaani milioni 9 taslimu. Nikimpa laki tano atalainisha mambo. Mshahara wa mdogo wangu ulikuwa 120,000. Nimepiga hesabu, ni miezi 75 bila kula.

Sasa juzi mdogo wangu kamtuma mtu aliyeachiwa, eti anataka akiri kosa yaishe. Huko ndani wamemwambia miezi aliyokaa itahesabiwa, atatoka. Anaapa hajachukua hata punje. Wakili hatuna. Mali yetu ni shamba la marehemu baba, ekari nne za mikorosho, halina hati. Nifanyeje?

Mpwa wa Mikindani
Pole sana dada. Huyo wa tai ni kishoka, wakili bandia, usimpe hata nauli. Wakili anayo ofisi na anatoa risiti.

Bangulo
Mimi ni mkulima, na msimu huu malipo yangu yamepungua kwa sababu ya maghala kama hilo. Korosho haziondoki zenyewe. Mlinzi alikuwa wapi?

BintiKitangari
Kaka Bangulo, na mimi ni mkulima, na zangu zilikuwamo humo humo. Funguo alikuwa nazo mtunza ghala, yule aliye nje. Kama mdogo wangu kaiba afungwe, lakini kwanza wamhukumu.

Ndugu Wakili
Dada, nitakuandikia kirefu kidogo, nivumilie.

Hiyo nusu ipo kweli. Ni kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: mali yenye ubishi ikizidi thamani ya shilingi milioni 10, mshtakiwa anaweka nusu, ile nyingine anaifungia bondi, yaani ahadi ya maandishi. Ila yule bwana wa tai kakuficha mambo mawili, au hayajui.

Wameshtakiwa watatu kwa hati moja, kwa hiyo nusu ile wanagawana. Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hilo kwenye shauri la Silvester Hillu Dawi la mwaka 2006. Milioni 9 kwa watatu ni milioni 3 kila mmoja. Nenda masjala ya mahakama ukaombe kusomewa amri ya dhamana ya siku ile, uone hakimu aliandika nini hasa. Inawezekana kabisa unahangaikia milioni 9 ambazo hakuna aliyewadai.

La pili, si lazima iwe taslimu. Mali isiyohamishika inakubalika, na kifungu chenyewe kinasema hati isipokuwepo utaleta ushahidi mwingine utakaoiridhisha mahakama kwamba mali ipo. Mikorosho ya baba ni mali. Tafuta barua ya serikali ya kijiji yenye mipaka na majina ya majirani, uthamini, na muhtasari wa kikao cha ukoo ulioteua msimamizi wa mirathi. Hapo pa mirathi ndipo wengi hukwama, kwa sababu shamba la marehemu haliwekwi rehani na mtoto mmoja kimya kimya. Wakae ndugu wote, watie saini. Na waelewe kwamba akitoroka shamba linaweza kwenda.

Hakimu akikataa, Mahakama Kuu kanda ya Mtwara inaweza kuombwa ipunguze masharti.

Kuhusu kukiri: ASIKIRI. Wizi wa mtumishi unaweza kufika miaka 10. Hakuna aliyemwahidi kwamba miezi minne itatosha, ni maneno ya selo. Na ukishakiri mwenyewe, rufaa yako inabaki kwenye adhabu tu. Nimewaona vijana wengi wanaokiri kwa kuchoka, na wenye nyumba zenye hati siwaoni wakifanya hivyo.

Msaidizi Nachingwea
Naongezea kwa alichosema msomi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, nasi tunaingia magerezani kuonana na mahabusu wasio na wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, na huduma yetu hailipiwi. Mahakamani hatusimami, ila tunaandika barua, tunatafuta wadhamini, tunampeleka mtu kwa shirika lenye mawakili. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii hapo halmashauri uulize waliosajiliwa. Tena mdogo wako siku ya kesi kutajwa anyooshe mkono, amwambie hakimu hana uwezo wa wakili. Hakimu anaweza kuelekeza apatiwe.

Ujumbe wa kutokiri umfikie kabla ya tarehe. Hilo lisingoje.

Mwanachuo Lindi
Tatizo ni kifungu chenyewe. Marekani, Houston, mama mmoja Maranda ODonnell alikamatwa 2016 kwa leseni ya udereva isiyo halali, akatakiwa dola 2,500, hana, akawekwa ndani. Mawakili wa shirika la Civil Rights Corps na wenzao wakaishtaki kaunti. Mwaka 2017 jaji akasema kuwaweka ndani watu wa makosa madogo kwa sababu ya umaskini kunavunja katiba, na 2019 kaunti ikakubali kubadilisha utaratibu. Na sisi tuna Ibara ya 13, watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mashirika yaende mahakamani!

Ndugu Wakili
Walikwenda, mdogo wangu. Mei mwaka jana, shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ikasema 148(5) inapingana na Katiba. Agosti hiyohiyo Rufani ikaitengua. Wasikate tamaa, lakini kifungu kipo.

BintiKitangari
Mwanachuo nakuunga mkono, ila mimi tarehe yangu ni ya 24.

BintiKitangari – 19 Februari
Wadau nimerudi. Masjala wamenisomea: ni milioni 3, na mali inakubalika. Nililia palepale kwenye benchi. Miezi yote hii!

Msaidizi mmoja wa hapa Newala ameingia kumwona, amekubali hatakiri. Kikao cha ukoo kimekaa jana, baba mdogo amekataa kusaini, anasema mikorosho yake haiendi mahakamani kwa kesi ya mlinzi. Mama anakwenda kwake kesho na jogoo.

Ndugu Wakili, asipokubali, nyumba ya mama ya tofali za kuchoma yenye barua ya kijiji inaweza kufika milioni 3?

Ndugu Wakili
Inaweza. Mwite mthamini Jumatatu, usisubiri jogoo.