Anayeanza kutazama ndege: darubini ya 8x42 au 10x42? Dunga, Nakuru au Kakamega?

Kondele_Mpya: Hamjambo wadau. Mfuko unaruhusu darubini moja tu. 8x42 au 10x42? Na mtu wa Kisumu aanzie Dunga hapa, kwenye kinamasi cha ziwani, au afunge safari ya mbuga ya Nakuru au msitu wa Kakamega? Kwera (wale wafumaji wa viota) na shomoro bado wananichanganya, kwa hiyo msiniruke.

Yangeyange: 8x42, usijisumbue. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25, kwa 10 upate 4.2. Huo ndio upana wa mwale wa nuru unaofika jichoni, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi chini ya miti utaona tofauti yake. Tena 10x hukuza hata mtetemo wa mkono. Ukiwa mtumbwini Dunga, ndege ataonekana anarukaruka kumbe ametulia tuli.

Mdau wa Lanet: Napinga kidogo. Ndani ya mbuga ya Nakuru hushuki garini ila sehemu zilizotengwa, na kwa jinsi ziwa lilivyopanda, ndege wengi wako mbali. Hapo 10x ina kazi yake: zima injini (ikinguruma tu picha inatetemeka), weka kifuko cha mchele dirishani, egemeza darubini juu yake. Ila usije kwa ajili ya heroe (flamingo) peke yao. Heroe mdogo hula mwani wa maji ya magadi. Maji yakiongezeka magadi huzimuliwa, mwani hupungua, naye huhamia Ziwa Bogoria au kwingine. Mwari na furukombe hula samaki, kwa hiyo hawana shida hiyo.

Chozi: Kondele, anzia Dunga, na sababu ni mafunjo. Humo kuna ndege aitwaye gonoleki wa mafunjo: utosi wa manjano, kifua chekundu, mgongo mweusi, mstari mweupe bawani. Hukaa ndani kabisa, utamsikia kabla hujamwona. Chagua pengo moja kwenye mafunjo, kaa hapo dakika 20 bila kuzunguka. Fanya hivyo kabla ya saa tatu: upepo bado umelala, na ukitazama ziwani jua liko mgongoni. Baadaye upepo wa ziwa ukianza, kila funjo linayumba na hutajua kipi ndege kipi jani. Na tafadhali, usimpigie sauti yake kwenye simu. Anaacha kulisha makinda aje kupigana na spika yako.

Kakamega iache kwa miezi michache. Miti mirefu, mwanga hafifu, na ndege husafiri kwa makundi mchanganyiko: nusu saa kimya, kisha dakika tano za vurugu juu ya kichwa. Ukienda, chukua kiongozi wa Isecheno au Buyangu, sehemu za msitu huo, anayejua sauti za ndege. Peke yako utaambulia turako mkubwa wa buluu na hondohondo, basi.

Yangeyange: Kabla ya kuilaumu darubini, irekebishe. Funika lenzi ya mbele ya kulia, tazama maandishi ya kibao kilicho mita 20 hivi kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka yasomeke. Sasa funika ya kushoto na, bila kugusa gurudumu la katikati, zungusha pete ya jicho la kulia mpaka yasomeke tena. Kariri alama ilipoishia, maana pete hiyo husogea yenyewe mfukoni. Ukivaa miwani, shusha vikombe vya macho. Na ukimwona ndege usiinamie darubini: macho yabaki kwake, darubini ndiyo ije machoni. Ikilowa, ikaushe kabla ya kuifungia, la sivyo kuvu huota ndani ya lenzi na kuiondoa ni kazi ya fundi.

Kondele_Mpya: Shukrani. Na kwera?

Mdau wa Lanet: Waache kwanza. Dume wa aina nyingi nje ya msimu wa kuzaliana huvua rangi zake akafanana na jike, hata wazoefu hukuna kichwa. Anza na asiyebadilika: mdiria mweusi na mweupe, yule anayepigapiga mabawa palepale juu ya maji kabla ya kupiga mbizi. Hapo Dunga wapo. Mtazame kifuani: mikanda miwili myeusi ni dume, mmoja, mara nyingi uliokatika katikati, ni jike.