Kampuni yetu ya bayoteknolojia Mtwara inaishiwa fedha tukisubiri kibali cha FCC (Tume ya Ushindani). Tusaini mkopo wa mnunuzi?

MhasibuShangani:

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa kwa waliowahi kufanya kazi kwenye kampuni iliyokuwa inasubiri kuunganishwa na nyingine.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo ya bayoteknolojia hapa Mtwara mjini. Tunazalisha kuvu rafiki wa mimea, Trichoderma, ambaye mkulima anamchanganya na udongo wa kitalu au wa shimo la mche ili kupunguza magonjwa ya mizizi. Tunamkuza kwenye mchele chenga uliopikwa kwa mvuke. Mfuko ukiiva vizuri, punje zote zinakuwa zimevaa kijani. Bidhaa ni nzuri. Wenye vitalu vya mikorosho Newala na Masasi wanarudi wenyewe kununua.

Shida ni fedha. Wateja wetu wakubwa ni AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na maduka ya pembejeo, na wengi wanalipa korosho ikishapita mnadani. Kuanzia Februari mpaka Oktoba tunaishi kwa kukopa. Benki ilipokataa kutuongezea ovadrafti, wakurugenzi wakakubali kuungana na kampuni kubwa ya pembejeo ya Dar, ambayo ndiyo inatununua. Mkataba umeshasainiwa, maombi yako Tume ya Ushindani, na juzi tumepata barua kwamba Tume inataka kuchunguza zaidi.

Leo benki kuna milioni 19. Mishahara ya watu 14 ni milioni 11 kwa mwezi, bado umeme, dizeli ya jenereta na pango. Tunadai AMCOS na maduka jumla ya milioni 46.

Mnunuzi ametuletea rasimu ya mkopo wa milioni 80. Dhamana ni mali zote za kampuni, pamoja na mbegu-mama za kuvu (zile tunazozalishia mifuko yote) na usajili wa bidhaa yetu TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kibali kikikataliwa, deni lote lilipwe ndani ya siku 30. Meneja wao awe mtia saini kwenye akaunti yetu, na hakuna malipo yatakayotoka bila yeye. Halafu tuwapelekee nakala ya mbegu-mama Dar kwa ajili ya usalama. Mkurugenzi anataka tusaini wiki hii. Ameniambia pia nisimamishe NSSF (michango ya hifadhi ya jamii) na PAYE (kodi ya mishahara) mpaka kibali kitoke, tutalipa zote kwa mpigo.

Wafanyakazi hawa nawajua mpaka majumbani kwao. Nimshauri nini bosi wangu? Nawasilisha.

Mkoma_Mikindani:

Pole sana mkuu. Mimi ningesaini. Milioni 19 hazimalizi miezi miwili, na benki hapa mjini hakuna itakayokupa hela wakati kampuni iko katikati ya kuuzwa. Huyo mnunuzi ndiye mwenye sababu ya kutaka muwe hai. Mengine mtazungumza mbele ya safari.

WakiliWaKusini:

Naomba nimpinge Mkoma kwa heshima zote. Mkuu, usiruhusu bosi wako asaini rasimu hiyo kama ilivyo.

Mnunuzi kuwakopesha hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale anapowaendesha kabla hajaruhusiwa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inasema muungano unaovuka kiwango ni lazima uarifiwe FCC na usitekelezwe mpaka uruhusiwe. Kiwango hicho kilikuwa milioni 800, kikapandishwa mwaka 2017 kuwa bilioni 3.5 za mauzo au mali za pande zote kwa pamoja, na kwa ukubwa wa mnunuzi wenu mmevuka. Sasa meneja wa Dar akishika akaunti yenu, akaamua nani alipwe na nani asubiri, hapo mmeshaungana kwa vitendo. Adhabu chini ya sheria hiyo inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Kwa kampuni iliyobakiwa na milioni 19, hicho ni kifo.

Kuhusu muda: siku 14 za mwanzo ni za Tume kuamua kama ichunguze. Ikiamua kuchunguza, inaweza kuchukua hadi siku 90, na inaweza kuongeza 30. Na siku hazianzi kuhesabiwa kama nyaraka hazijakamilika. Kwa hiyo panga fedha zako kwa miezi minne kamili, hata kama mnunuzi anakwambia wiki sita.

Jambo ambalo wengi hawalitumii: sheria inaipa Tume nafasi ya kuzingatia hali ya kampuni ambayo bila muungano ingekufa. Mwambie wakili wenu apeleke FCC taarifa yenu ya fedha ya kweli, ikionyesha hela zinaisha mwezi gani, na aombe uchunguzi uharakishwe. Kampuni nyingi zinaficha udhaifu wakati wa kusubiri, zikidhani zinajilinda. Tume haiwezi kuharakisha jambo isilolijua.

MhasibuShangani:

Asante sana wakili. Kwa hiyo mkopo tuukatae kabisa?

WakiliWaKusini:

Hapana, mkatae masharti manne. Moja, dhamana iwe madeni mnayowadai wateja na bidhaa zilizoko stoo. Mbegu-mama na usajili vibaki nje. Mbili, kibali kikikataliwa mpewe mwaka mmoja wa kulipa, au angalau mpaka msimu wa korosho uishe. Siku 30 maana yake ni kwamba FCC ikisema hapana, anawanyang'anya kampuni kupitia deni, na kile alichokatazwa mlangoni anakipata dirishani. Tatu, asiwe mtia saini. Awape fedha kwa awamu, kila mwezi kwa bajeti mliyokubaliana mwanzoni, na ninyi mumpe taarifa ya matumizi. Nne, hakuna nakala ya mbegu-mama kwenda Dar.

Na dhamana yoyote mtakayokubaliana lazima isajiliwe BRELA, kwa msajili wa makampuni, ndani ya siku 42. Mkataba wenu na benki nao usomeni upya, huenda benki tayari ina dhamana kwenye mali hizo hizo na inatakiwa kutoa ridhaa.

Swali langu kwako: mkataba wa muungano una tarehe ya mwisho? Yaani siku ambayo kama kibali hakijatoka kila upande uko huru?

MhasibuShangani:

Ipo, 30 Septemba.

WakiliWaKusini:

Basi hiyo ndiyo tarehe ya kuangalia kuliko zote. Korosho inaanza kuuzwa Oktoba. Mnunuzi akichelewesha nyaraka mpaka Septemba, mtakuwa hamna kitu mfukoni na atarudi kupunguza bei. Ombeni isogezwe hadi Desemba kabla hamjasaini mkopo wowote, kwa sababu leo bado mna la kumpa.

MtafitiUghaibuni:

Naongezea alichosema wakili kuhusu kutangulia kibali. Illumina ya Marekani, wakubwa wa mashine za kusoma vinasaba, walikamilisha ununuzi wa Grail Agosti 2021 kwa takriban dola bilioni 7.1 wakati Tume ya Ulaya bado inachunguza. Grail wanatengeneza kipimo cha damu cha kutafuta saratani nyingi kwa mara moja. Mwaka 2022 Tume ikakataza muungano, na Julai 2023 ikawapiga faini ya euro milioni 432 kwa kutosubiri. Juni 2024 Illumina wakaitoa Grail ikajitegemea tena. Septemba 2024 mahakama ya juu ya Ulaya ikasema Tume haikuwa na mamlaka juu ya muungano ule, na faini ikaondoka.

Angalia hapo: walishinda kesi, lakini Grail walikuwa wameshaiachia. Miaka mitatu kampuni ile ilitakiwa kuendeshwa kando huku Illumina wakigharamia. Wao walikuwa na mabilioni ya kupoteza. Ninyi mna milioni 19.

DadaMahesabu:

Kaka yangu mhasibu, mwenzako nimefanya kazi hii miaka mingi, na hapa kwenye NSSF na PAYE naomba usimame imara hata kama bosi atakununia.

PAYE unamkata mfanyakazi. Fedha hiyo si ya kampuni, mmeishika tu mpaka tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu TRA kumfuata msimamizi wa kampuni yeye binafsi kodi isipolipwa. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kawaida nusu yake imetoka kwa mfanyakazi mwenyewe. Ukiisimamisha, kuna dada hapo maabara atajifungua akaambiwa michango haijatimia. Kuna mtu ataacha kazi akakuta pengo.

Na hata kwa hesabu kavu, haina faida. Malimbikizo yana adhabu, na mnunuzi akija kukagua vitabu kabla ya kufunga biashara atakata deni lote na adhabu zake kwenye bei. Unadhani umeokoa milioni mbili kwa mwezi, kumbe umejikopesha kwa riba ambayo hata wakopeshaji wa mtaani wangeona haya.

Kama lazima upunguze, anza na pango (mwenye nyumba anaweza kukubali nusu mpaka Oktoba ukimwandikia), safari, posho za vikao, na mishahara ya wakurugenzi wenyewe. Hiyo ya mwisho iandike kwenye muhtasari wa bodi. TRA nao ukiwa na deni la zamani unaweza kuomba kulipa kwa awamu, lakini omba kabla hawajakuandikia wao.

MzeeWaNachingwea:

Kijana, salama? Mimi nina duka la pembejeo huku Lindi na nimekaa kwenye bodi ya AMCOS. Nimesoma mnasubiri korosho tu. Kwa nini? Ufuta wa huku unaingia minadani Juni, mbaazi zinafuata. Hela ipo vijijini miezi mitatu kabla ya korosho. AMCOS zinazokusanya ufuta ni hizo hizo za korosho. Chukua orodha ya hizo milioni 46, tenga zilizo Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Lindi vijijini, na uanze nazo hizo.

Lakini kabla hujaenda kudai, angalia kila deni kama lilikuwa ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na mkutano mkuu wa chama na Mrajis wa vyama vya ushirika. Kama katibu alichukua mzigo kwa mdomo tu, kamati mpya itakuruka mchana kweupe. Hilo nenda nalo kwa ofisa ushirika wa wilaya mapema, ukiwa na hati za kupokelea mzigo zenye mhuri. Deni lenye mhuri linalipika, maana linaingia kwenye mpango wao wa malipo. La mdomo, kubali kupunguza uchukue hata nusu leo.

Na sisi wenye maduka, mtu akiniambia nilipe mwezi huu anipunguzie asilimia tano, nalipa. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kutoka kampuni yenu.

MhasibuShangani:

Shikamoo mzee. Nimeangalia sasa hivi: karibu milioni 17 ziko upande wa Lindi. Sikuwahi kuzitenga kwa mkoa.

MzeeWaNachingwea:

Marahaba. Basi hiyo ni mishahara ya mwezi mmoja na nusu. Njoo mwenyewe, usitume barua.

FundiAgari:

Mimi ni fundi maabara, si mtu wa fedha, ila kuna kitu nyote mmekipita. Thamani ya kampuni hii iko kwenye friza, zilipo mbegu-mama. Dizeli ikiisha usiku umeme umekatika, na friza likayeyuka siku mbili, mnunuzi atakuwa ananunua meza na mifuko ya mchele.

Mkuu, waambie wenzako wa maabara wafanye hivi wiki hii, gharama yake ni ndogo mno. Wakate vipande vidogo vya agari (ile jeli ya kuoteshea kuvu) vyenye kuvu aliyekomaa, waviweke kwenye vichupa vya maji yaliyosafishwa kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke), wafunge vizuri, waandike jina na tarehe, waweke kabatini. Kuvu wa aina hii anakaa hai kwenye maji hivyo kwa miaka bila friza. Wafanye seti tatu. Kila baada ya miezi michache watoe kichupa kimoja, waoteshe, waangalie kama bado ana nguvu.

Seti moja iende nje ya jengo. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wako hapo hapo jirani na wana wataalamu wa magonjwa ya mikorosho. Waombeni wawahifadhie kwa mkataba wa maandishi unaosema mali ni yenu. Mnunuzi akiuliza tena habari ya usalama, jibu mnalo.

Mkoma_Mikindani:

Nimesoma yote, na kwenye mtia saini nimebadili msimamo. Ila bado nasema hela ya mnunuzi inahitajika. Vipi kuhusu kupunguza watu? Kumi na wanne ni wengi kwa kampuni isiyozalisha kwa kasi.

DadaMahesabu:

Kupunguza nako ni gharama. Sheria ya Ajira ya 2004 inataka notisi, taarifa na majadiliano na wafanyakazi kwanza, halafu kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, mpaka miaka kumi, pamoja na likizo zote wanazodai. Ukifanya haraka haraka unaishia CMA, kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi. Na fundi wa maabara akiondoka na ujuzi wake, nani atamfundisha mnunuzi? Bora mkae nao, muwaambie ukweli wa akaunti, mkubaliane wiki fupi kwa maandishi mpaka Oktoba. Watu wa huku wanajua kusubiri msimu, wanachokichukia ni kufichwa.

MhasibuShangani:

Wakuu, asanteni sana, sikutegemea kupata msaada mkubwa namna hii. Nimeshakaa na mkurugenzi. PAYE na NSSF zinalipwa kama kawaida, na yeye na mwenzake wanasimamisha mishahara yao mpaka Oktoba. Barua ya kukataa masharti manne nimeiandika, ameisoma, ameondoa sentensi mbili kali. Maabara wameanza vichupa leo. Jumatatu naelekea Nachingwea na faili la hati za kupokelea mzigo.

Linalonipa wasiwasi ni tarehe ya mwisho. Bosi anaona tukiomba isogezwe mnunuzi ataona tumeingiwa na hofu.

WakiliWaKusini:

Mnunuzi ameshaona vitabu vyenu, mkuu, hakuna hofu ya kuficha. Mwambie bosi aliweke ombi hilo kwenye barua hiyo hiyo ya masharti, aya ya kwanza kabisa: tunapokea mkopo kwa masharti haya, na tarehe ya mkataba inasogea hadi 31 Desemba. Viende pamoja au visiende. Na nakala impate wakili wenu anayeshughulikia FCC kabla haijatumwa Dar.