Mchoro wa babu: ni wa Tingatinga mwenyewe au wa wanafunzi wake?

Mjukuu_Ujiji: Wakuu, salaam kutoka Ujiji. Babu mzaa baba alikuwa fundi wa reli Dar. Alipostaafu akarudi na treni ya Kigoma pamoja na mchoro wa chui kwenye hadibodi. Uko sebuleni tangu sijazaliwa, na moshi wa kukaangia mawese umeutia unjano pembeni. Chui ni mmoja tu, amejaa ubao mzima, nyuma yake jani moja basi. Chini kulia pameandikwa E.S. TINGATINGA. Mgongoni kuna penseli, mwandiko wa babu: "Dsm 1974". Sasa kuna mgeni anautaka na shangazi keshaanza kupiga hesabu ya mabati. Nitajuaje kama ni wa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, yule mchoraji aliyeanzisha mtindo wa Tingatinga?

Bata_Maji: Uza mkuu. Mgeni akishapanda boti ya Gombe humpati tena.

Fundi_Fremu: Usimsikilize huyo. Marehemu alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 60, akauawa kwa risasi ya polisi Dar mwaka 1972. Kwa hiyo 1974 haiwezi kuwa tarehe ya kuchorwa kama ni wake, ila yaweza kuwa ya kununuliwa. Hadibodi ni dalili nzuri, na rangi ya mafuta ile ya kung'aa, ya kupakia baiskeli, pia. Ungekuwa kitambaa ningekukatisha tamaa mapema. Tatizo ni kwamba wanafunzi wake, kina Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, walitumia vitu hivyohivyo. Na sahihi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi. Tafuta kioo cha kukuzia uitazame: imekaa juu ya uchafu na nyufa, au nyufa zimeipasua na yenyewe?

Mjukuu_Ujiji: Nimeazima kioo kwa fundi saa wa sokoni. Kuna ufa umeanzia mkiani mwa chui, umekata herufi G katikati. Halafu shangazi kakumbuka picha ya harusi ya baba mkubwa, Dar, imegongwa muhuri wa studio 1971. Chui huyo hapo ukutani, nyuma ya maharusi! Kumbe 1974 ni mwaka waliohama nyumba.

Fundi_Fremu: Hapo umenipa kitu cha kushika. 1971 mwenyewe alikuwa hai. Bado haijaisha, maana wanafunzi nao walikuwa wakichora pembeni yake, lakini hiyo picha ya harusi ina uzito kuliko sahihi. Piga picha mbele, mgongoni na kingo zote, mchana, bila flashi, pamoja na huo muhuri wa studio. Anzia Makumbusho ya Taifa, Dar, uwaulize nani anaweza kuulinganisha na kazi zake zinazojulikana. Mgeni akibana, mwambieni ukoo haujakaa kikao.

Mjukuu_Ujiji: Shukrani mkuu. Shangazi anasema aufute kwanza kwa sabuni, utoke vizuri pichani.

Fundi_Fremu: Mficheni sabuni. Na vanishi pia.