Nilimtukana nesi aliyeniokoa leba. Namshukuruje?

MamaWawili_Memorial aliandika:

Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Naomba ushauri na msinicheke sana.

Leo ni wiki ya tano tangu nijifungue mtoto wa pili, wa kike, kilo 3.4, kwenye hospitali moja hapa Moshi. Tulitoka Pasua na bajaji saa saba usiku, baridi ile ya Julai mnayoijua, mume wangu kabeba beseni na mimi nimebeba mdomo. Mtoto mwenyewe hakusumbua, saa kumi kasoro katoka. Kondo nalo likatoka. Nikajua yamekwisha, nikaanza kuulizia chai.

Mara nikasikia uvuguvugu chini ya mgongo, kama mtu kanimwagia maji ya kuoga. Nesi akafunua khanga, hakusema kitu. Akaweka mkono chini ya kitovu akaanza kukanda. Wakuu, kukanda huku si kule kwa mama mkwe na maji ya moto. Alinikanda kama unga wa maandazi ya harusi. Huku anamwita mwenzake alete dripu na dawa, na kila nikiusukuma mkono wake anaurudisha palepale. Nikamwambia, "Niache, mchawi wewe, unataka kuniua!" Nikaongeza na neno la Kipare ambalo mama yangu angelisikia angenichapa hata na ukubwa huu. Yeye akajibu tu, "Tukana mama, tukana. Ukitukana najua bado upo."

Baada ya hapo nakumbuka vipande vipande. Nakumbuka jasho linamdondoka puani, na dirisha lilikuwa wazi. Niliongezewa damu, chupa mbili. Nilipopata akili asubuhi zamu imeshabadilika, hayupo.

Sasa nyumbani kuna kamati. Mume anasema tupeleke bahasha. Mama mkwe, ambaye ni wa Kibosho, anasema kosa la mdomo linaombewa msamaha kwa jani la isale, na mtori juu yake. Lakini yule nesi kwa lafudhi ni mtu wa Kanda ya Ziwa. Nikimpelekea jani, baada ya kumwita mchawi, si ataona sasa nimerudi kumroga mimi? Na mimi ni Mpare, mnajua tunavyosemwa kwa ubahili, sitaki kwenda mikono mitupu. Jina lake lenyewe sikulishika. Nifanyeje?

FundiBreki_Njoro alijibu:

Hongera kwa mtoto. Ila dada unajisumbua bure. Yule analipwa mshahara. Mimi nafunga breki za magari mwaka wa 12 huu na sijaona mteja aliyenirudia na mtori. Kazi ni kazi.

MamaTengeru alijibu:

Fundi, ukifunga breki kuna gari linakuita mchawi?

Mimi nilijifungua wa kwanza 2016, sehemu sitaitaja. Nesi alinipiga kibao cha paja na kuniuliza kama wakati wa kutafuta mimba nilikuwa napiga kelele hivi. Nikaapa sirudi. Wa pili nikazalia kwingine, na mkunga wa huko aliniuliza kwanza, "Mama, naomba nikupime njia, niko radhi usubiri uchungu huu upite." Nililia, na si kwa uchungu. Kwa hiyo usiniambie kazi ni kazi, fundi. Wote wawili walikuwa wanalipwa.

Mama Wawili, kwa upande wangu kuna mtu mwingine hujamtaja kabisa. Hizo chupa mbili za damu hazikutoka bombani. Kuna mtu alilala kwenye kitanda akatoa, hata hajui kama una mtoto. Wewe unanyonyesha, huruhusiwi kutoa sasa hivi. Lakini huyo mwenye bahasha ana kilo ngapi? Akiwa na miaka 18 kwenda juu, kilo 50 na kuendelea, na hana ugonjwa, mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3. Sisi wanawake ni 4. Damu yenyewe haikai sana kwenye jokofu, ni siku 35 hivi, ndiyo maana wanaomba kila siku.

BibiMkunga_Mstaafu alijibu:

Mama Wawili mwanangu, marahaba, hongera na pole. Nimekaa wodi ya wazazi miaka 31, ngoja nikuambie yule alikuwa anafanya nini tumboni mwako.

Kondo likishatoka, kizazi kinatakiwa kikaze chenyewe kama ngumi, kiibane ile mishipa iliyokuwa inamlisha mtoto. Mimba ikikomaa, damu inayopita pale ni zaidi ya nusu lita kwa dakika. Hebu fikiria kikilegea. Sisi mama akishafika mililita 500 hatukai tena chini. Sindano ya oksitosini, ya kukaza kizazi, tunachoma pajani ndani ya dakika moja mtoto akitoka, lakini wapo ambao hata wakichomwa kizazi kinalala tu kama mtoto mtoro wa shule. Hapo ndipo mkono unapoingia kazini, na hauondolewi mpaka ukisikie kimekuwa kigumu. Kinauma, najua. Nimeng'atwa. Nimeitwa majina ya wanyama wote wa Ngorongoro. Na lile jibu alilokupa si mzaha. Mama anayevuja damu akinyamaza ndipo tunapoogopa.

Sasa shukrani. Bahasha usipeleke. Pesa mkononi mwa mtumishi, hata kama umeshahudumiwa, inamtia matatani, na mwenzako wa kitanda cha pili akiona ataamini kuwa pale bila bahasha huhudumiwi.

Andika barua. Mpelekee mganga mfawidhi, nakala kwa metroni, yaani mkuu wa wauguzi, wa wodi ya wazazi. Jina kama hulijui, andika tarehe, saa na zamu ya usiku, rota, yaani orodha ya zamu, itamtaja. Andika kama ulivyoandika hapa, na jasho la puani usiliache. Barua za malalamiko kwenye majalada yetu ni nyingi. Mimi kwa miaka yote hiyo nilipata za shukrani mbili, na ninazo mpaka leo kwenye kabati la vyombo.

Mtori peleka, lakini wa sufuria. Wa kibakuli cha mtu mmoja unaleta maneno, wa sufuria unaliwa na zamu nzima. Isale mwachie mkweo.

FundiBreki_Njoro alijibu:

Sawa, nimeelewa. Niko kilo 71. Wanatolea wapi?

MamaTengeru alijibu:

Maabara ya hospitali yoyote kubwa, fundi. Kula kwanza ushibe na unywe maji. Wanaume mnaanguka.

MamaWawili_Memorial alijibu:

Narudisha majibu. Jana nimeenda. Barua niliandika kurasa mbili, mume akasahihisha herufi kubwa. Yeye mwenyewe alitoa damu Jumanne, alianguka kidogo, tusiliseme sana.

Mama mkwe alipika mtori wa sufuria namba kubwa, nyama ya mfupa na ndizi alizotuma Kibosho kabisa, eti za sokoni hazifai kwa shukrani. Na jani la isale nililikuta nimeshafika wodini, kalifunga kwenye shingo ya sufuria bila kuniambia. Metroni ni Mchagga, akaliona, akacheka mpaka akakaa. Akauliza ni nani nimemkosea. Nikamwambia usiku ule, saa kumi. Akafungua rota, akamwita.

Nikamtambua kwa ile pua. Nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi kwenye bajaji, mimi ndiye niliyekuita mchawi, naomba unisamehe. Akanitazama muda mrefu, halafu akasema, "Mama, usiku ule niliitwa mchawi na watatu. Wewe ulikuwa wa kitanda gani?"

Nilipomtajia ndipo akakumbuka, si tusi, kizazi. Akanilaza palepale akaniminya tumbo, akasema kimerudi vizuri. Akauliza kama nimeenda kliniki ya siku ya saba, nikasema ndiyo, na ya 42 ni wiki ijayo. Khanga niliyompelekea aliipokea kwa mikono miwili mbele ya metroni. Nikamuuliza hasa angependa nini, maana roho yangu bado haijatulia.

Akaniuliza nauza nini soko la Memorial. Nikasema mitumba ya watoto. Akasema, "Wanaokuja usiku wengi hawana kofia wala soksi za mtoto, na joto la kichanga linapotea sana kichwani. Tunawafunika na vipande vya khanga."

Jumamosi nafungua belo la watoto. Kofia na soksi zote nazichambua pembeni, nafua kwa maji ya moto na kupiga pasi kabla ya kupeleka. Bibi, nimekuelewa habari ya isale, lakini mama mkwe ameshauliza kama kwenye mfuko wa kofia kutakuwa na nafasi.